Tairi Juu ya Matofali

Nilipopangiwa Handeni kuwa bwana mifugo nilikabidhiwa pikipiki ya serikali, mkoba wa sindano na dawa, na vijiji ambavyo mtu wa miguu asingevimaliza kwa wiki nzima. Injini ya pikipiki haikuwa na neno. Shida ilikuwa matairi. La nyuma lilikuwa kipara mpaka nyuzi zinachungulia, na la mbele lilikuwa na mpasuko ubavuni ambao mwenzangu aliyenitangulia aliushona kwa kamba ya katani. Mshono ulikuwa mzuri, umenyooka, kazi ya mtu aliyekuwa na muda mwingi. Niliendesha nao miezi minane.

Zamani kidogo, kabla sijaajiriwa, tairi la pikipiki ya serikali lilitoka Tanga kwa kibali. Unaandika barua, unasubiri, unakumbusha, unasubiri tena. Likija, linakuja moja, na wakati mwingine ni la gari. Mimi niliingia kazini biashara ikiwa imeshafunguliwa. Madukani Korogwe matairi yaliningʼinia mlangoni kama soseji, ya kila namna, na ofisini kwetu hapakuwa hata na karatasi ya kuandikia barua ya kuyaomba. Hiyo ndiyo ilikuwa hali. Mimi siasa siijui, nasema nilichokiona.

Kisha ulianza wakati wa kupunguzwa. Sijui kama vijana wa leo wanalielewa neno hilo jinsi sisi tulivyolielewa. Ulikuwa unakuta mtu uliyekula naye chakula cha mchana jana leo anafunga godoro kwa kamba. Pale kwetu waliondoka wawili kwa mkupuo mmoja, bwana shamba na karani. Niliwasaidia kubeba vitu hadi stendi. Karani alilia, bwana shamba alitania tania. Mimi sikulia wala sikutania. Nilipakia masanduku, nikarudi ofisini, nikakaa kwenye kiti changu, nikagundua sihisi chochote. Nilikuwa nimekufa ganzi, na nikaona afadhali.

Baada ya hapo ukaja waraka. Maofisa wa vijijini tutakaguliwa, mmoja mmoja, pamoja na vyombo vyetu vya usafiri. Ambaye chombo chake hakifanyi kazi, maana yake hafiki vijijini, na asiyefika vijijini nafasi yake haina kazi. Mkuu wangu alinisomea hayo akiwa amesimama, akanikabidhi karatasi, akaangalia nje kwenye pikipiki.

"Ile ukiipeleka hivyo ilivyo," akasema, "ujue unakwenda nyumbani."

Mke wangu alikuwa na mimba ya pili. Nyumba tuliyokaa ilikuwa ya serikali. Hakuniuliza tutakwenda wapi. Aliuliza, "Baba, hayo matairi yanauzwa wapi?"

Nikapanda basi kwenda Korogwe, nikiwa na pesa yangu mwenyewe.

Pale mtaa wa Manundu palikuwa na fundi wa pancha niliyemfahamu. Alifanya kazi miaka mingi kwenye kiwanda cha mkonge Ngombezi, naye akapunguzwa, akaja mjini na pampu moja, beseni la maji na vyuma viwili vya kubandulia tairi. Alikuwa mtu wa maneno. Nilipomweleza nataka matairi mawili mapya, mbele na nyuma, alinitazama kuanzia kichwani hadi viatuni.

"Bwana mifugo umeshinda bahati nasibu?"

"Nakaguliwa."

"Ahaa. Basi hununui tairi, unanunua kazi." Akafunga kibanda kwa turubai, tukaenda dukani pamoja.

Yale aliyonifundisha siku ile ninayo mpaka leo. Kwanza alinikataza kugusa matairi ya mlangoni. Yale ni ya kuitia wateja, alisema, jua limeshayala, ukiyafunga leo baada ya mwezi yanapasuka vinyufa kama kisigino cha kiangazi. Akamwambia muuzaji atoe ya stoo, ya gizani. Akayainamia, akaingiza ukucha katikati ya kashata, yaani yale matuta ya tairi yanayouma udongo, akabonyeza. Mpira mzuri ukibonyeza unarudi taratibu. Uliozeeka haubonyei kabisa. Akalikunja tairi ubavuni kwa nguvu zake zote akitafuta nyufa, akalinusa. Muuzaji alikuwa amekasirika.

Mimi nilitaka yote mawili yawe ya kashata kubwa, kwa sababu yalionekana ya kazi. Akanicheka. Kashata kubwa nyuma sawa, kule kwenu kuna mchanga na tope la mbuga. Mbele weka kashata za kati, zenye mstari, ili usukani ukusikie. Halafu akaniuliza nimezoea kuweka lipi zuri, la mbele au la nyuma. Nikamjibu kama kila mtu wa Handeni angejibu, kwamba zuri linakaa nyuma kwa sababu huko ndiko kwenye mzigo.

"Nyinyi mtaisha," akasema. "Tairi la nyuma likipasuka utalisikia kwa makalio. La mbele likipasuka utalisikia kwa meno."

Akanionyesha mshale mdogo ubavuni, unaoelekeza tairi lizunguke upande gani, akasema nusu ya pikipiki za wilaya nzima zimefungwa mshale ukitazama nyuma. Akanipa ushauri wa mwisho: upepo upime kila asubuhi kabla jua halijapanda, miiba ichomoe kila jioni, na kati ya tairi na tyubu paka poda ya mtoto ili visigandane. Nilirudi Handeni na matairi mawili juu ya basi na kopo la poda mfukoni. Nilikuwa naona watu wananitazama. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi nilihisi kitu, nadhani ilikuwa majivuno.

Niliyafunga mwenyewe, mishale ikitazama mbele. Kisha nikasikia habari ya mwenzetu wa upande wa pili wa wilaya. Naye alinunua tairi jipya, akaenda nalo kijijini siku mbili kabla ya wakaguzi, likachanwa na jiwe. Wakaguzi wakamkuta anajaza majani ndani ya tairi badala ya upepo. Wakaandika walichokiona. Aliondoka.

Ndipo nilipofanya jambo ambalo wakati ule niliona ni akili. Niliiingiza pikipiki chini ya kibaraza cha ofisi, nikaiinua, nikaweka matofali chini ya injini, magurudumu yote mawili yakawa hewani. Nikayafunika kwa magunia. Nikajiambia wakaguzi wanakuja wiki ijayo, na wiki moja si kitu. Barua ilisema wiki ijayo. Wiki ijayo ikaja bila wakaguzi, na habari kutoka mkoani kwamba ni wiki ijayo.

Mzee mmoja wa Kimaasai alikuja katika wiki ya pili. Boma lake lilikuwa mbugani, mwendo wa saa moja na kitu kwa pikipiki. Alikuja kwa miguu, maana siku ile hapakuwa na gari la upande huo. Nilimwamkia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, daktari. Hujambo? Watoto? Mama?"

"Wote wazima. Habari za boma?"

"Boma nzuri," akasema, na baada ya hapo, kama ilivyo desturi, ndipo akaeleza kwamba si nzuri. "Ng'ombe zinakohoa. Tatu. Zinasimama hivi." Akanyoosha shingo mbele, akatanua viwiko, akavuta pumzi kwa shida, na mbele yangu nikaona ng'ombe. "Mimi nasema ni olkipiei. Mapafu."

Nilijua amesema kweli. Homa ya mapafu haiji na kuondoka. Inakaa bomani, inachukua mmoja, inampumzisha mwenye mali, inachukua wengine wawili. Kazi yangu ilikuwa kwenda siku ile ile, kuangalia, kuwatenga wanaougua, kuzuia mifugo isihame, kupeleka taarifa wilayani ili wale wazima wachanjwe. Hayo yote niliyajua kwa moyo, niliyafanyia mtihani nikafaulu.

"Nitakuja, mzee," nikasema. "Nasubiri wageni wa mkoani. Wakiondoka tu, nakuja. Kwa sasa watenge hao watatu, wasinywe maji na wenzao."

Nikampa chupa moja ya dawa ya sindano, kwa kuwa alijua kuchoma sindano vizuri kuliko baadhi yetu. Aliipokea kwa mikono miwili. Halafu akaenda kibarazani, akainua gunia, akatazama pikipiki ilivyoning'inia.

"Hii inaumwa?"

"Hapana, nzima kabisa."

"Mbona umeiinua?"

"Natunza matairi."

Akalizungusha gurudumu la mbele kwa kidole. Lilizunguka muda mrefu bila sauti. "Ng'ombe akisimama tu siku zote, kwato zinakua vibaya," akasema, bila kunisema. Alikuwa anazungumza kama mtu wa kazi na mtu wa kazi. Kisha akaniuliza matairi ya zamani yako wapi, akate viatu vya katambuga. Nikampa lile kipara la nyuma. Akalivaa begani, akaondoka.

Baada ya hapo nilishika ratiba ambayo nikiifikiria sasa inanitia kichefuchefu. Kila asubuhi niliondoa magunia, nikapima upepo. Nilikuwa nimeazima kipimo kituo cha mabasi na sikukirudisha. Nilizungusha kila gurudumu robo duara ili lisikae upande mmoja, nikapitisha kiganja juu ya kashata zote nikitafuta miiba, ingawa miiba isingeweza kupanda juu ya matofali. Nilipangusa vumbi kwa kitambaa chenye maji matupu, kwa sababu fundi alinikataza sabuni ya mafuta na dizeli. Nilifungua tairi la nyuma mara moja, nikapaka poda upya, nikafunga. Harufu ya mtoto ilijaa ofisini. Mke wangu alipita, akaona, akasimama.

"Baba watoto," akasema, "hiyo pikipiki ungeioa."

Nilicheka kwa mdomo. Yeye hakucheka.

Wakati huo vijijini hakuna nilikokwenda. Baiskeli ilikuwepo, ya jirani, na asingeninyima. Sikumwomba. Kulikuwa na malori ya mkaa yanayoelekea mbugani, na madereva walinijua. Sikupanda. Na barua ya taarifa wilayani ningeweza kuiandika bila kuondoka kitini, ila utaratibu ulisema uthibitishe kwanza kwa macho, na mimi nikajificha nyuma ya utaratibu. Nimejaribu miaka mingi kujieleza, na kila nikifika hapa maneno yananiishia. Uvivu haukuwa, kwa maana kutwa nilikuwa kazini. Ubaya wa moyo, sidhani. Nilikuwa nimelala nikiwa macho. Kitu pekee kilichokuwa hai kwangu ni yale matairi mawili.

Mzee alirudi. Ilikuwa mwezi na siku kadhaa baada ya mara ya kwanza. Nilisikia hatua zake kabla sijamwona, zile hatua nzito za katambuga, na nilipotazama miguu yake nikaliona tairi langu limekatwa vizuri na kufungwa mikanda. Lile tairi kipara lilikuwa limeshakwenda na kurudi mbugani, na lile jipya lilikuwa halijagusa ardhi.

Safari hii salamu zilikuwa fupi.

"Kumi na moja zimekufa," akasema. "Nyingine zinakohoa. Jirani ameanza kuhamisha zake. Daktari, njoo uone. Kuona tu."

"Wageni wanakuja Alhamisi, mzee. Safari hii ni hakika."

"Alhamisi," akarudia. "Wewe ukipanda hiyo leo, Alhamisi si utakuwa umerudi?"

Nikamweleza. Nikamweleza habari ya mwenzangu na jiwe, habari ya waraka, habari ya kupunguzwa. Nilisema kwa utaratibu, sauti yangu ilikuwa tulivu, na nakumbuka nilijisikia nikisema kama vile ni redio ya chumba cha pili. Alinisikiliza mpaka mwisho. Wafugaji wana adabu ya kusikiliza ambayo sisi wengine hatuna. Mwisho akauliza:

"Kwa hiyo ukija kwangu, utafukuzwa kazi ya kuja kwangu?"

Hakuwa ananidhihaki. Alitaka kuhakikisha kwamba ameelewa. Nikasema ndiyo, ni kama hivyo. Akatikisa kichwa polepole, akachukua fimbo yake, akaniaga kwa mkono. Hakuomba dawa.

Alhamisi hawakuja. Walikuja wiki mbili baadaye, siku ya Jumatatu, watu watatu kwenye gari moja, saa nne asubuhi. Nilikuwa nimeishusha pikipiki na kuiegesha kivulini. Mmoja wao, aliyekuwa na fomu, alichuchumaa mbele ya gurudumu. Akabonyeza kashata kwa kidole gumba, akachungulia ubavuni, akaona mshale.

"Huyu amefunga mshale sawasawa," akamwambia mwenzake. "Wa kwanza wilaya hii."

Akaandika. Fomu ilikuwa na mstari wa injini, mstari wa taa, mstari wa breki, mstari wa matairi. Nilisimama nyuma yake nikaisoma yote, juu mpaka chini. Mahali pa kuuliza habari za ng'ombe hapakuwepo. Aliyekuwa mkubwa wao alinipa mkono, akasema serikali inahitaji watu wanaotunza mali ya umma namna hii. Walikunywa soda, wakaondoka. Nilibaki kazini miaka kumi na tisa mingine, mpaka nikastaafu.

Nilisubiri gari lao lipotee vumbini, nikafunga mkoba, nikapanda.

Haijawahi kutokea safari nzuri kama ile. Mvua ilikuwa imepita siku chache nyuma, barabara imeshikana, na pale palipokuwa na mchanga tairi la nyuma liliuma na kusukuma, la mbele likasikia usukani kama alivyosema fundi. Nilipita kwenye miiba, nilipita kwenye mawe, sikupata pancha. Nilisimama mara mbili kukagua kwa kiganja. Sikuona hata mkwaruzo. Kule kukagua kwenyewe ndiko kulikonishtua. Mara ya pili nilibaki nimeinama kando ya njia, mkono juu ya mpira wa moto. Nilikuwa naanza kuogopa.

Bomani hapakuwa na mbwa wa kunibwekea. Mlango wa zizi, ambao ni tawi kubwa la miiba, ulikuwa umelala pembeni. Ndani ya zizi samadi ilikuwa imekauka, na majani membamba ya kijani yalikuwa yameanza kuota katikati yake. Ng'ombe wakiwepo majani hayaoti zizini.

Mke wa mzee alitoka nyumbani akiinama mlangoni. Nilimwamkia kwa lugha yao, neno moja ninalolijua vizuri.

"Takwenya."

"Iko," akaitikia. Akaniletea kigoda, kivulini. "Mzee hayupo. Amekwenda Korogwe, huko kwenye mashamba ya mkonge. Wanasema wanatafuta walinzi."

"Ng'ombe?"

"Waliokufa wamekufa. Wanne waliobaki aliwapeleka mnadani kabla hawajaanza kukohoa." Alisema bila kuniangalia vibaya. Ningependa angeniangalia vibaya. "Alisema daktari akija, apewe chai."

Akaingia ndani. Alipotoka alikuwa na kikombe cha bati, chai ya rangi, nyeusi, sukari nyingi. Nimekunywa chai katika maboma ya Wamaasai miaka yote ya kazi yangu, na hiyo ndiyo pekee niliyoinywa bila maziwa. Niliimaliza. Hakuna kitu kingine ambacho ningeweza kumfanyia.

Niliposimama kuaga, mkoba begani, akanizuia kwa mkono.

"Daktari, yuko punda. Hujamwangalia."

Akanipeleka nyuma ya nyumba. Punda alikuwa amefungwa kwenye kichaka, punda jike, mnene, wa kubebea maji. Nikafungua mkoba. Nikampima joto, nikasubiri kipimajoto dakika zake zote. Nikaweka sikio kwenye mbavu zake, kushoto na kulia, nikasikiliza mapafu yanavyoingia na kutoka. Nikamfungua mdomo, nikatazama ufizi. Nikainua kwato moja moja, zote nne, nikazisafisha kwa ncha ya kisu. Ilinichukua muda mrefu. Yule mama alisimama kando akimshika punda masikio, akifuata mikono yangu kwa makini, kama mtu anayesubiri habari ya mgonjwa wake.

"Mzima," nikamwambia. "Hana ugonjwa wowote."

Akavuta pumzi, akatabasamu.

"Asante, daktari," akasema. "Mungu akubariki kwa kuja."